Kocha wa judo naye ana kodi ya nyumba: tuongee hela kwenye judo ya Mwanza

#1 nyakato_tatami (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu, na wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi kwenye hesabu.

Nafundisha judo hapa Nyakato, watoto jioni, wakubwa baada ya kazi na Jumamosi. Huku kwetu judo inaanzishwa kila mara na haifiki mbali, ukiuliza utaambiwa vifaa hakuna, tatami (mikeka ya kuangukia) bei juu, judogi (nguo za judo) mpaka ziagizwe. Ni kweli, ila klabu nilizoziona zikifa zilikufa siku kocha alipopata kazi. Kijana anafundisha bure mwaka, miwili, watoto wameshamzoea na wanaanza kuelewa, alaf anapata kibarua mgodini Geita au anapewa bodaboda ya mkataba, jioni hana muda wala nguvu, baada ya wiki chache watoto wametawanyika na lile turubai la mazoezi unalikuta limeanikiwa dagaa. Kijana simlaumu hata kidogo. Ana kodi, ana mama yake Kwimba anamtegemea, mkanda mweusi hauliwi.

Sasa hoja yangu ni hii: mshahara wa kocha uwe wa kwanza kwenye bajeti ya klabu. Kabla ya tatami, kabla ya tisheti za klabu, kabla ya nauli ya kwenda mashindano Dar.

Kuna wanaosema sensei (mwalimu) wa kweli hachukui hela, naheshimu hayo mawazo lakini historia haiko hivyo. Jigoro Kano aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882 alikuwa mwalimu wa kuajiriwa, baadaye akawa mkuu wa chuo cha ualimu, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwanzoni wanafunzi wake walifundishwa kwa hela iliyotoka mfukoni mwake, na mfuko ulikuwa na kitu kwa sababu mwisho wa mwezi alikuwa analipwa mahali. Ufaransa nao wana sheria tangu 1955, ukitaka kufundisha judo kwa malipo lazima uwe na cheti cha serikali. Maana yake waliitambua kama kazi miaka sita kabla bendera ya Tanganyika haijafika Umoja wa Mataifa kama nchi huru, na leo wana zaidi ya nusu milioni ya wanachama wa judo. Teddy Riner na dhahabu zake tatu za mmoja mmoja za Olimpiki (2012, 2016, 2024) alitokea kwenye nchi ambayo karibu kila mji una mtu anaamka asubuhi kazi yake ni kufundisha judo.

Alaf kuna usalama, hapa nawaomba wazazi msome taratibu. Japani kwenyewe, nyumbani kwa judo, zaidi ya watoto 100 walifariki kwenye judo ya mashuleni katika miaka kama 30 kuanzia 1983. Wengi ni kichwa, damu inavuja ndani ya fuvu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wanaoanza, mtoto hajajua kuanguka anatupwa kwa osoto-gari (mtupo wa kumfagia mguu kwa nyuma) kisogo kinatangulia. Baada ya wazazi kupiga kelele ndio mambo ya mafunzo ya usalama kwa makocha yakakazwa. Kwa hiyo kocha aliyechoka, aliyeshinda juani na bodaboda, ambaye hajawahi kulipiwa hata kozi ya huduma ya kwanza, ni hatari kwa mwanao hata kama ana moyo mzuri kiasi gani.

Niwape mfano wa kazi yenyewe maana wengi wanaona tu watoto wanabiringishana. Sisi tatami hatuna. Tuna fremu ya mbao, ndani pumba za mpunga, juu turubai limevutwa kwa kamba pande zote nne. Pumba zinahama. Mkifanya randori (mazoezi ya kupambana) nusu saa katikati panakuwa bonde na pembeni panapanda, mtoto akidondokea kwenye bonde kiwiko kinagonga sakafu. Basi kila siku kabla ya mazoezi natakiwa kufika mapema, nilegeze kamba, nisawazishe pumba kwa reki, nikaze tena, alaf nipite peku juu yake taratibu nikitafuta kwa unyayo pale palipolegea. Msimu wa mvua pumba zinapata unyevu, unazitoa zote unaanika, usipofanya hivyo zinaota ukungu na watoto wanaanza kukohoa. Hapo hata mtu mmoja hajafunga mkanda. Nani atafanya hivyo kila siku bure, mwaka hadi mwaka?

HESABU. Hizi ni za mfano, kila mtu abadilishe kwa mtaa wake. Tuseme una watoto 40 na ada ni 15,000 kwa mwezi. Usipige 600,000, piga wanaolipa kweli, tuseme 28, hiyo ni 420,000. Toa ukumbi 100,000, toa 40,000 ya pumba, kamba, sabuni, dawa na plasta. Inabaki 280,000. Kwa mtu mwenye familia haitoshi, na ndio maana klabu ya watoto peke yake haiwezi kubeba kocha, tusidanganyane. Weka shule mbili za binafsi, kila moja vipindi viwili kwa wiki kwa 150,000 ya mwezi, umeongeza 300,000. Weka darasa la wakubwa, wanachuo wa SAUT pale Nyegezi, vijana wa kampuni za ulinzi, akina dada wanaotaka kujilinda, watu 15 kwa 20,000 nayo ni 300,000. Sasa uko 880,000, humo kocha mkuu anapata mshahara unaoeleweka, msaidizi anapata posho, na kuna kidogo cha kuchangia NSSF (mfuko wa pensheni) kama mwanachama wa hiari. Goti likiisha ukiwa na miaka 50 utaishi kwa nini? Hilo swali huwa hatuliulizi kabisa.

Karibuni, mnipinge kwa hoja.

#2 mwalo_kirumba

Mwalimu umeongea, ila hiyo ada inafukuza watoto wetu. Mimi niko mwaloni Kirumba, kwenye dagaa, nina watoto wawili wanatamani hayo mazoezi. 15,000 kila tarehe moja sina. Kuna siku nina laki, kuna wiki mbili sina hata ya mboga. Mkianza kutoza watabaki watoto wa Capri Point peke yao, wa Mabatini na Igogo watachungulia dirishani.

#3 nyakato_tatami

Kaka hapo umegusa penyewe na nashukuru umesema hadharani.

Tarehe moja ni kalenda ya mwajiriwa wa ofisini. Watu wa dagaa hela yao inafuata mwezi wa angani, giza likiingia wanavua kwa taa, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inakaa. Nilipokuwa nadai kila tarehe moja wazazi wa mwaloni walikuwa wanakwepa, mtoto anaona aibu anaacha kuja. Nilipobadilisha nikasema lipa giza likiisha, kwa mafungu hata ya elfu tatu tatu, kupitia lipa namba ya klabu, wengi walitulia. Sio wote, ila wengi.

Kwa asiyeweza kabisa, nafasi ya bure iwepo lakini iandikwe kwenye daftari la klabu na ijulikane inalipiwa na nini, mfano darasa la wakubwa linabeba watoto sita. Kocha asibebeshwe kimyakimya. Wasioweza wakiwa 12 bila mpango, aliyewalipia ni mke wa kocha na watoto wake, na huyo mke ipo siku atasema basi.

Wanao walete. Tutaongea.

#4 kocha_mchangani

Mimi ni wa mpira, lakini nawaunga mkono. Kwenye mpira kuna ngazi, unaanza leseni D ya CAF, unapanda C, B, A, na kila ukipanda una cha kumwonyesha mwenye timu, unaweza kusema bei yangu ilikuwa hii sasa ni hii. Kabla sijapata karatasi nilikuwa naitwa "yule jamaa wa uwanjani" na nilikuwa nalipwa soda, nilipopata karatasi nikaanza kuitwa mwalimu na kuandikiwa barua. Judo mna ngazi gani ya ukocha? Maana naona mkanda mweusi unaonyesha unajua kucheza, hausemi kama unajua kufundisha mtoto wa miaka saba.

#5 nyakato_tatami

Sahihi mwalimu. Dan (daraja la mkanda mweusi) ni ya judoka, yaani mchezaji, ukocha ni fani nyingine.

Ngazi ipo. Shirikisho la kimataifa, IJF, lina akademi yake tangu 2013, kuna cheti cha ngazi ya kwanza cha mkufunzi na ngazi ya pili cha kocha, nadharia unasoma kwa intaneti, vitendo unaenda kufanyia mahali. Inapitia chama cha taifa, kwa hiyo klabu lazima iwe imesajiliwa, unaanza kwa afisa michezo wa halmashauri, huku ni Nyamagana au Ilemela, alaf kwa Msajili kule BMT (Baraza la Michezo la Taifa). Vijana wengi wanakwama hapo, wanafundisha vizuri lakini klabu yao kisheria haipo, barua ya kuombewa nafasi ya kozi itatoka wapi?

Lakini mimi ndoto yangu iko karibu zaidi. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, mkoa huu huu wa Mwanza, ni cha serikali, na kazi yake ni kutoa walimu na wataalamu wa michezo. Hapa Mwanza mjini kuna Chuo cha Ualimu Butimba ambacho kwa michezo na sanaa kina jina. Yaani vyuo viwili vipo mlangoni kwetu. Judo ikiingia Malya hata kama kozi fupi ya wiki chache, kuanguka salama, kumfundisha anayeanza, huduma ya kwanza, kuendesha klabu na hesabu zake, tutapata watu ambao halmashauri haiwezi kuwaita wa mtaani. Hili tuliandikie barua kama klabu za kanda nzima, mtu mmoja mmoja hatasikilizwa.

#6 mama_buhongwa

Naomba na mimi mzazi niseme. Hela ningetoa, hata zaidi ya hiyo 15,000. Kinachonizuia ni kwamba binti yangu ana miaka 11 na judo ni mchezo wa kushikana, na mwalimu ni mwanaume mmoja peke yake kwenye ukumbi. Simshutumu mtu. Lakini hapa Buhongwa niliwahi kumpeleka kwenye mazoezi ya mchezo mwingine, milango imefungwa, mzazi haruhusiwi kuangalia, nilimtoa siku hiyo hiyo. Mkitaka kulipwa kama wataalamu basi na mambo ya ulinzi wa mtoto myafanye kitaalamu.

#7 nyakato_tatami

Mama, asante, na uko sahihi kila neno.

Sisi milango iko wazi na mzazi anakaa pembeni muda wowote. Watu wazima wawili ukumbini ndio kanuni, akikosekana wa pili mazoezi yanakuwa ya nje, mbio na viungo, hakuna kushikana. Na hapa ndio naomba watu waone hela inavyoingia: huyo mtu mzima wa pili natamani awe mwanamke, ninaye mmoja mzuri sana, anafundisha watoto kuliko mimi, lakini bila posho atashinda kwenye genge lake la nyanya na ana haki. Judo ya wanawake iliingia Olimpiki kwa medali kamili Barcelona 1992, sasa hivi kwenye timu mchanganyiko ya Olimpiki wanawake ni nusu ya timu, huku kwetu bado hatuna makocha wanawake wa kutosha hata kuhesabu. Watatoka wapi kama hata wanaume hatuwalipi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, klabu ichapishe kanuni zake ukurasa mmoja, mzazi asaini, nakala abaki nayo. Na risiti utapewa.

#8 ziwa_moja

Naona mnazunguka sana. Serikali ilipe. Kuna mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ya mapato yake, vijana wana 4 zao, wanawake 4, wenye ulemavu 2. Chukueni mnunue tatami za maana, mlipane mishahara, mambo yaishe.

#9 nyakato_tatami

Mkuu ule ni mkopo, unarudishwa. Mkopo ukilipia mshahara wa miezi sita, mwezi wa saba una deni na mshahara huna. Mimi ningeuchukulia kitu kinachozaa, tatami mfano. Eneo la mashindano la mita 8 kwa 8 linataka vipande 32 vya mita 2 kwa 1, ukiwa navyo shule zinakuamini, unaweza kukodisha ukumbi kwa karate na taekwondo siku ambazo hufundishi, hapo rejesho linapatikana. Mshahara utoke kwenye kitu kinachoingia kila mwezi.

Na serikali isiache kusaidia, sijasema hivyo. Kitu kikubwa inachoweza kutufanyia ni kuiweka judo kwenye michezo ya mashule, maana bila hapo mkuu wa shule hata akitaka hana kifungu cha kukulipa.

#10 chaki_vumbi

Mimi ni mwalimu wa msingi, Ilemela. Nathibitisha hilo la mwisho. Kwetu mchezo ambao haumo UMITASHUMTA (mashindano ya shule za msingi) ni kama haupo, nguvu yote inaenda kwenye mpira, netiboli, riadha na hiyo iliyobaki. Ukimpelekea mkuu barua ya judo atakuuliza itatupeleka ngazi gani ya mashindano.

Ushauri wangu usiende na judo kwanza. Nenda na kuanguka. Watoto wa huku wanapanda mawe, shule nyingine imezungukwa na miamba, kila muhula tuna mtoto mkono umefungwa bandeji kaanguka kutoka kwenye jiwe au kwenye mwembe, na huwa anatanguliza kiganja. Kocha akija na kipindi cha dakika 40 cha kuanguka tu, jinsi ya kukunja kidevu, kupiga mkono chini, kubiringika, hakuna mzazi atakayekataa na kamati ya shule itachangia. Judo itafuata yenyewe.

#11 nyakato_tatami

Mwalimu hili nimelinakili. Ukemi (huko kuanguka salama) ndio tunaanza nayo kila mtoto, lakini sikuwahi kufikiria kuiuza peke yake kama somo. Hata bodaboda wa Igoma wangelipia hiyo.

#12 kijana_wa_unguja

Huku Zanzibar judo imekuwepo muda mrefu kwa juhudi za Mjapani mkazi wa hapa, Tsuyoshi Shimaoka, na yeye ni mfanyabiashara, ndio maana aliweza kuibeba. Mlichosema ni kweli, mchezo ukibebwa na mtu mwenye kipato chake unaenda, lakini wa pili kama yeye tutampata wapi? Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 Tanzania tulipeleka wachezaji saba tu na mmoja alikuwa wa judo, Andrew Mlugu wa kilo 73. Saba nchi nzima na judo imo! Tungeutumia huo mfano tunapogonga milango ya wadhamini.

Pendekezo langu: kocha alipwe kwa medali. Akileta medali ya taifa anapewa bonasi, watajituma.

#13 nyakato_tatami

Kwa la Mlugu nakuunga mkono mia kwa mia, hilo tulitumie kwenye kila barua.

La medali nakataa ndugu yangu. Ukimlipa kocha wa watoto kwa medali utaona anakatisha uzito wa mtoto wa miaka 10, anamwambia asile siku mbili, anamchezesha na bega bovu. Japani mwaka 2022 chama chao kiliyafuta mashindano ya taifa ya mmoja mmoja ya shule za msingi kwa sababu hiyo hiyo, makocha na wazazi walikuwa wameweka ushindi mbele kuliko mtoto. Wale ndio wenye mchezo na wameona hivyo. Kama lazima kuwe na bonasi, mpe kocha ambaye watoto wake wa Januari bado wapo Desemba, na msaidizi aliyemfundisha anaweza kusimamisha darasa peke yake.

#14 mwalo_kirumba

Mwalimu kuhusu shule, mkataba unakuwaje? Shemeji yangu anafundisha ngumi kwenye shule moja anazungushwa hela mwaka mzima.

#15 nyakato_tatami

Mimi nilishazungushwa pia. Shule moja binafsi, jina naliacha, tulikubaliana kwa mdomo, nikafundisha muhula mzima, mwisho wake nikaambiwa bajeti ya michezo imehamia kwenye basi. Hakuna karatasi, kwa hiyo hakuna pa kwenda. Nilikuwa nimeshamwambia mwenye nyumba hela inakuja.

Tangu hapo naandika. Mwambie shemeji mkataba usizidi kurasa mbili lakini uwe na haya: klabu ndio inaingia mkataba na shule, sio yeye kama yeye, ili akiumwa msaidizi aende na hela isikatwe. Malipo ya nusu muhula yaje kabla ya kipindi cha kwanza. Vipindi vihesabiwe kwa daftari ambalo mwalimu wa zamu anasaini kila siku, shule ikiahirisha siku hiyo hiyo kipindi kinahesabika, maana ameshatoa nauli na ameshaacha kazi nyingine. Idadi ya watoto iwe na kikomo, mimi sipokei zaidi ya 20 kwa kocha mmoja kwenye turubai letu. Mtoto akiumia nani anampeleka hospitali na bima ni ya nani, iandikwe kabisa, hili shule nyingi wanalikwepa na ndio ung'ang'anie. Na mwalimu wa shule akae ukumbini muda wote.

Wakigoma kulipa nusu ya kwanza usianze. Inauma, watoto wanakuangalia dirishani, lakini usianze.

Wangu nautoa majina alaf naupandisha hapa kesho jioni nikitoka mazoezini. Walio Kisesa, Usagara na Sengerema wanaofundisha au wanaotaka kuanza waniandikie inboksi, barua ya Malya naandaa na ninataka iwe na sahihi za klabu zaidi ya moja.